Macho Yaliyotembea

Juzi mwanangu alirudi kutoka ufuoni na kombe la konokono, akaliweka mezani. Kabla sijamaliza chai, kombe likaanza kutembea! Mwenzangu, nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

Siku zile, pale Gazi, nililelewa na bibi. Mama alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja Galu, akirudi mwisho wa mwezi tu. Picha yake hatukuwa nayo hata moja, nami hofu yangu kubwa, ambayo sikumwambia mtu, ilikuwa kuisahau sura yake. Basi nikaamua kuitengeneza uani, kwenye mchanga uliofagiliwa asubuhi.

Sharti la bibi lilikuwa moja: okota kilichoanguka, usikwanyue kilicho hai. Nywele nikaweka mwani mkavu, nyusi zikawa mbegu ndefu za mikoko, mdomo jani jekundu la mkungu, mti uliotupa kivuli pale uani. Macho ndiyo yaliyonitesa. Maji yalikuwa yamekupwa, nikazunguka pwani yote mpaka nikapata makombe mawili ya konokono, yenye mistari, yanang'aa. Nikayatia. Wallahi, mama akanitazama! Nikaingia jikoni kula muhogo wa nazi, moyo umetulia.

Alasiri mama akapiga hodi. Sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu, nikamvuta hadi uani. Lo! Macho hayapo. Palibaki alama za miguu midogo mchangani, zimeelekea uchochoroni. Kumbe mle ndani mlikuwa na kaa, nao walikuwa wamejiondokea na nyumba zao mgongoni.

"Umemtia mamako macho yenye wenyewe," bibi akasema, akicheka huku ameshika kiuno.

Nikaangua kilio. "Nitakusahau, mama!" Neno likanitoka.

Mama hakucheka. Akiwa na sare yake ya kazi mwilini, iliyopigwa pasi, akajilaza chali mchangani kando ya ile picha. "Nitazame, mwanangu. Nitazame mpaka ushibe."

Nikapiga magoti. Ndipo nilipoliona kovu dogo juu ya jicho lake la kushoto, ambalo sikuwa nalijua. Nikatafuta kipande cha kombe, nikakiweka papo hapo kwenye picha.

Sasa ua ule umetiwa simiti, mkungu umekatwa, bibi hayupo. Mama naye tulimwosha kwa maziko mwaka juzi. Kabla hawajamfunika uso kwa sanda, niliwaomba wanawake tuliomwosha nao waningoje kidogo. Kovu lilikuwepo. Nikamtazama, nikamtazama.

Sikushiba.