Unga wa papai na mlango wa chuma

Admin, jina langu ulifiche, maana hapa mtaani tunajuana. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na moja, nina binti mmoja wa miaka saba. Vita vilitutoa Kamango, mume wangu akabaki huko udongoni. Sasa tunaishi Mulekera, hapa Beni, katika chumba cha uani cha patron wangu, tajiri aliyeniajiri.

Kazi yangu ni kuchekecha unga wa maziwa ya mapapai, ule utomvu mweupe unaokaushwa na kuuzwa ng'ambo ili kulainisha nyama. Nyama zao sijui, ila kifua changu kimeshalainika! Nikishika chekecheo tu, pumzi inakata, kifua kinapiga filimbi. Nilidhani ni kifua kikuu. Muuguzi akakataa: "Hapana TB, mama. Ni ile poudre, ule unga unaochekecha. Acha kazi, utapumua." Nilipomweleza patron, akacheka: "Mais mama, ukiacha kazi, na chumba unaacha." Dada yangu wa Butembo naye anahifadhiwa na watu, hana pa kutuweka.

Hilo ningelivumilia. Lakini depo ile, ghala la patron ninamochekechea unga, ndiyo nyumba pekee mtaani yenye ukuta wa matofali na mlango wa chuma. Masasi, yaani risasi, yakilia, wote tunakimbilia humo, katikati ya magunia ya unga.

Wiki iliyopita, mchana, yalilia karibu sana. Tulibanana humo gizani, vumbi likapanda, kifua changu kikaanza filimbi yake. Nje tulisikia nyayo. Jirani yangu, mama ninayekula naye sahani moja, akanikandamiza kitenge mdomoni: "Nyamaza, utatuuwisha bote!" Niliona nakufa. Nyayo zilipopita nikatoka nikitambaa, nikalala katikati ya maharage yaliyopandwa nyuma ya depo, nikapumua. Niliona raha kweli, kisha nikaona haya, maana mtoto wangu nilimwacha ndani.

Kesho yake jirani akaja na bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo. Akasema kwa upole: "Siku ingine utuachie mutoto, weye utafute pengine pa kujificha." Simchukii. Hata mimi ningesema vile.

Ila binti yangu alisikia. Jana, akinipaka mafuta mgongoni, akaniuliza: "Mama, masasi ikilia tena, nikimbie na batu, ao na weye?"

Nilijifanya nakohoa ili nisimjibu. Nishaurini, ndugu zangu, bado ananitazama. Nimwambie nini?