Simu ya Muuza Nyama

Mwenye bucha yetu hapa Dagoretti ana vidole vinene, hata akimshika fahali pembe, fahali huomba msamaha. Kila akimaliza kupima nyama hujipangusa kwa aproni, akaikunjua simu yake polepole, kisha akaikunja tena. "Simu ya kukunjwa kama chapati," nilimtania. "Si ungenunua ya kawaida na mbuzi wawili?"

"Ngoja tu, shosho," alinijibu, kama wanavyotuita mabibi hapa.

Jana ikalia. Akaikunjua nusu, akaiweka kwenye kaunta, ikasimama yenyewe. Alikuwa mamake kwenye video, asiyesikia tangu azaliwe. Akaweka kisu chini, wakaongea kwa mikono, yote miwili, nasi foleni nzima tukangoja. Simu ya kawaida ingemnyang'anya mkono mmoja. Kisha akanigeukia.

"Mama anauliza wewe ni nani."

"Mwambie ni mimi niliyekushauri uinunue."