Pancha ya Ukweni

Matairi yale yalinigharimu shilingi mia saba na ishirini, beberu mmoja na madumu mawili ya pombe ya ndizi. Nimehesabu mara mbili. Shilingi haziniumi tena, beberu bado namkumbuka.

Miaka ile ya sabini nilikuwa na pikapu iliyopeleka chumvi na sabuni Kibondo na kurudi Kasulu na maharage. Mke wangu alikaa pembeni yangu, kwa kuwa kwenye kupima debe jicho lake lilikuwa kali kuliko langu. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa na pancha ya kuvuja polepole. Ukilijaza Kasulu, upepo unaisha kwenye kilima cha mawe, mbele ya nyumba ya mama yake, iliyojengwa pale barabarani watu walipohamishiwa vijijini. Katika safari kumi na moja, lililala pale mara tisa.

Kwa sisi Waha, mkwe haendi ukweni mikono mitupu. Lakini pancha haiulizi umebeba nini. Mama mkwe akisikia injini inakohoa kilimani, anatoka na karai la maji, ili tuzamishe tyubu tuone povu linatokea wapi.

"Mwenye pancha si mgeni, mkwe," alikuwa akisema, maana aliniona naona haya.

Alikuwa mjane, anaishi peke yake. Mimi nikibandika kiraka, yeye na bintiye walikuwa jikoni wanacheka. Nikimaliza, muhogo na maharage viko tayari. Nilijumlisha: ziara tisa, beberu sifuri.

Tatizo ni kwamba Kibondo nilifika wateja wameshanunua kwa wenzangu. Nikaenda kwa muuza vipuri wa Kasulu, mzee mwenye asili ya pwani. Alinitolea matairi ya aina mbili. Ya kawaida, ya tyubu, yalikuwa shilingi mia na kumi kila moja. Mengine yalitoka kwenye gari kuukuu la jeshi, kuta zake nene kuliko soli ya buti.

"Haya hata upepo ukiisha yanatembea," alisema. "Mia mbili na hamsini."

"Kwa bei hiyo yanipikie na chai."

"Mia mbili na ishirini, nakupa kama mwanangu."

"Mwanao angelipa mia na hamsini."

Tulikutana kwenye mia na themanini. Mke wangu alinivuta shati.

"Baba Watoto, chukua ya kawaida."

"Kwa nini?"

"Nayapenda tu."

Nilidhani hajui matairi. Nikanunua manne ya jeshi.

Safari ya kwanza tulipanda kilima kama tunateremka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na karai lake, maji yamejaa. Tukampita. Mke wangu aligeuza shingo mpaka kona, kisha akatazama mikono yake.

Nilisimama nyuma ya kona. Nikashuka na njiti ya kiberiti, nikabonyeza ventili ya tairi la nyuma kushoto, nikatoa upepo wote. Nikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Tairi lilikuwa limebonyea kidogo tu, kama mtu aliyekula akashiba.

"Lina nini, mkwe?"

"Halina upepo, mama."

Alilikanyaga kwa kisigino.

"Linaweza kwenda?"

Ningesema haliwezi. Lakini nilikuwa nimelisifia tairi lile njia nzima tangu Kasulu.

"Linaweza," nikasema.

"Basi nendeni, msichelewe." Akamwaga maji taratibu kwenye shina la mgomba.

Tukafika Kibondo kabla ya wenzangu. Niliuza mapema, kwa bei nzuri, na sikumwona akihesabu.

Jumapili iliyofuata hatukubeba chumvi. Nilivaa koti, nikapakia beberu na madumu mawili, na mke wangu akaimba njia nzima. Mama mkwe alitupokea kwa heshima zote za wakwe, akanikalisha kwenye kiti kizuri, na hatukuwa na la kuongea. Nilikitamani kiraka changu. Mwishowe akaenda kwenye kona ya mlango, akainama, akarudi na karai kavu mikononi.

"Nishauri, mkwe," alisema. "Hili nilirudishe ndani, au niliache hapa nje?"