Nyumba ya Ngezi na Karo ya Uingereza

Niliondoka Bunia, mashariki mwa Kongo, na suruali moja, nikarudi na diploma ya umeme kutoka chuo cha Uingereza. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakuna aliyenisaidia. Mchana nilisugua sakafu za hospitali, jioni nilikaa darasani na vijana wenye nusu ya umri wangu, na mitihani yote niliipita mara ya kwanza. Pasipoti ya kule niliipata kwa jasho. Binti yangu aliipata kwa kuzaliwa tu, katika hospitali ileile niliyokuwa nasugua korido zake.

Tulirudi yeye akiwa bado shule ya msingi. Shirika moja la misaada lilinileta kwa mkataba wa mwaka mmoja, kufunga sola kwenye vituo vya afya. Mkataba ulipokwisha walitaka kuurefusha, nikakataa. Sikusoma kwa shida ile ili niendelee kuitwa mfanyakazi wa mtu. Nilifungua kampuni yangu mwenyewe, na leo ukipita Bunia umeme ukiwa umekatika, nyumba nyingi unazoona zina taa ni kazi ya mikono yangu. Kisha nikajenga nyumba katika mtaa wa Ngezi: matofali ya kuchoma, mabati mazito, choo ndani.

Hata hivyo watu waliniita Diaspora. Wenye pikipiki wanaongoja abiria kwenye kona yetu walinichokoza kila asubuhi.

"Diaspora, utarudia lini kwako Ulaya?"

"Kwangu ni hapa."

"Eee! Bunduki zikilia, weye utapanda ndege. Siye tutabakia, tutalala mu salon yako, juu ya makochi yako!"

Walicheka, nami nilicheka, lakini maneno yale yalinichoma. Nyuma ya nyumba nilikuwa nimewajengea vyumba ndugu zangu waliokimbia vita vya Djugu. Kila nilipokwenda Kampala kununua betri, shangazi yangu alikunja mkeka na kufunga sufuria zake ndani ya kitenge. Alidhani nimesikia jambo na nimewakimbia. Niliporudi nilimkuta amekaa juu ya furushi lake karibu na mlango.

Kwa hiyo niliuza kale kanyumba tulikokuwa nako Uingereza. Jumapili moja nilisimama kanisani mbele ya watu wote nikasema nimerudi kabisa, sina tena kitanda mahali pengine. Wiki ile shangazi alifungua furushi, akalima kipande cha nyuma, akapanda maharagwe. Wenye pikipiki nao wakaanza kuniita Papa. Kama kuna kitu nilichokipata maishani kinachozidi diploma, ni hicho.

Binti yangu alimaliza sekondari Uganda, shule ya bweni, kwa alama ambazo bado nawaonyesha wageni. Tangu utotoni alitaka ufamasia. Chuo kimoja cha Uingereza kikamkubali, tukachinja mbuzi. Nyama ilikuwa haijaisha chuo kilipouliza swali moja: miaka mitatu iliyopita ameishi wapi?

Sheria yao ni hiyo. Pasipoti haitoshi. Anayetaka karo ya wenyeji na mkopo wa serikali sharti awe ameishi kule miaka mitatu kabla ya masomo kuanza. Asipokuwa ameishi, analipa karo ya mgeni, mara mbili na zaidi, na mkopo hapati, hata kama alizaliwa katikati ya mji wao. Mlango mmoja tu ulibaki: mzazi akiwa nje kwa kazi ya muda, na familia ikiwa na nia ya kurudi, miaka ile ya nje inaweza kuhesabiwa. Na huku Bunia, kwa kuwa Kongo haikubali uraia wa nchi mbili, pasipoti hiyohiyo inanilipisha viza, kama mtu aliyekuja kutembea.

Mama mmoja wa chuo alipanga kuzungumza nasi kwa video, saa nne asubuhi. Siku iliyotangulia binti yangu alinifundisha kutwa.

"Papa, sema kazi yako ni ya muda. Hakuna mtu iko na kazi ya milele, siyo? Hiyo haiko uongo."

"Nimesikia."

"Na usianze mambo ya nyumba. Tafadhali, Papa. Usianze."

Tulikaa mezani, yeye kando yangu, mguu wake juu ya wangu. Mke wangu alisimama mlangoni. Nje ya dirisha shangazi alikuwa anapura maharagwe. Yule mama alizungumza polepole, mpaka aliposikia Kiingereza changu. Hapo akaongeza mwendo.

"Mkataba wa kazi yako unaisha lini?"

"Kampuni ni yangu," nikasema.

"Je, mna mpango wa kurudi kuishi hapa?"

Mguu wa binti yangu ulinikandamiza. Fimbo ya shangazi ilikuwa inapiga, inapiga. Mimi sikupata diploma kwa kunakili, na neno nililolisema mbele ya kanisa siwezi kulisema kinyume mbele ya mtu nisiyemjua.

"Hapana, bibi. Nimerudi kwetu kabisa."

Mguu ule ukaondoka.

Nilitaka kuuza nyumba nilipe karo ya mgeni. Lakini malori ya mizigo yangu yalikuwa yamekwama njiani, kule Komanda, kwa kukosa usalama, na hakuna aliyekuwa ananunua nyumba Bunia. Binti yangu mwenyewe alinizuia. "Ukiuza sasa, Papa, yule mama ulimudanganya. Acha. Nitaenda kukaa mimi."

Akaenda. Anaishi kwa dada ya mama yake, katika mji wa baridi na mvua, anahesabu miaka mitatu. Anasafisha katika nyumba ya kulea wazee. Nilimweleza kwa simu namna ya kukamua dekio bila kuumiza mgongo; mimi nilikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko wote. Alisikiliza, akasema wanatumia mashine.

Juzi alinitumia sauti. Alikuwa ameuliza tena chuoni, na wamemwambia wataangalia pia kama amekwenda kule kuishi kweli, au anangoja shule tu.

"Papa, usiambie watu nitarudia. Hata kanisani, hata tantine wa maharagwe nyuma ya nyumba. Wakiniuliza hapa, mi nawajibu kwa Kiingereza, vile weye ulijibu: nimekuja kukaa kabisa."

Nimeirudia sauti ile mara nyingi. Neno hilo analisema kwa lafudhi safi kunishinda. Shangazi ananiuliza kila jioni mtoto anarudia lini, maana amemwekea mbegu za maharagwe. Namwambia yuko kwao.