Mshika Kamba wa Mautuma

Ukiwatajia watu wa Lugari wa rika fulani lile bwawa la Mautuma, hutabasamu hata kabla hujamaliza kusema. Wanakumbuka mashua nne za mbao zenye matanga ya rangi ya chungwa, mitumbwi ya plastiki iliyopinduka ukiikazia macho tu, chelezo cha mapipa ambacho wanafunzi walikifunga wenyewe kwa kamba za katani, na chai ya maziwa waliyoinywa kwenye vikombe vya bati huku meno yakigongana kwa baridi. Bwawa lenyewe lilichimbwa na mlowezi mmoja kwa ajili ya ng'ombe wake. Akarudi kwao, ng'ombe wakauzwa, maji yakabaki. Katikati ya miaka ya tisini chama kimoja cha makanisa kikajenga hapo kituo cha kuwafundisha vijana michezo ya maji, mahindi yakiwa yamewazunguka pande zote. Wenyeji waliliita ziwa, na hakuna aliyeona haja ya kuwabishia.

Elkanah Muhanji aliingia hapo Aprili ya mwaka 1996, si kama mwanafunzi bali kama mfyekaji nyasi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwembamba, mwenye viganja vipana vilivyokakamaa, na hakujua kuogelea. Kwao Malinya mto ulikuwa wa kuvuka kwa kukunja suruali tu. Alipoliona bwawa kwa mara ya kwanza alisimama na panga lake akajiuliza maji yote yale yanafanya nini pale bila kwenda popote.

Kilichomtoa Malinya kilijulikana na kila mtu huko, ndiyo maana alipenda kuishi mahali ambapo hakikujulikana. Yeye na mdogo wake George walikuwa wachimbaji wa dhahabu kwenye shamba la jirani. George alishuka shimoni, Elkanah alibaki juu ameshika kamba. Walikuwa na lugha yao: kamba ikivutwa mara moja kutoka chini, teremsha ndoo, ikivutwa mara mbili, pandisha. Siku moja ya mwaka 1993, baada ya mvua ya juma zima, udongo ulishuka na shimo likaziba. Elkanah hakuiachilia kamba. Aliishika tangu asubuhi hadi alasiri, akisubiri ivutwe mara mbili, watu wakichimba pembeni yake na wengine wakimsihi akae chini. Mwishowe wanaume watatu walimfungua vidole kimoja kimoja. Baada ya mazishi mama yao, Phoebe, alimshika mikono ileile iliyochubuka akamwapisha asirudi shimoni tena maishani mwake. Akaapa. Lakini kiapo hakileti unga nyumbani, na kwa miaka mitatu Elkanah alihangaika na vibarua vya hapa na pale, huku wenye mashimo wakimwita kila Jumatatu kwa sababu mshika kamba mzuri hapatikani ovyo.

Kwa hiyo alifyeka nyasi za Mautuma kwa bidii iliyowashangaza watu. Ila kila upepo ulipoanza alasiri, kutoka upande wa Turbo, panga lilipunguza mwendo lenyewe. Matanga yalijaa, mashua zikalala ubavu kidogo na kukata maji bila kelele ya injini, na Elkanah akasimama anatazama mdomo wazi.

Aliyemwona alikuwa Mwalimu Jelagat. Huyu alikuwa binti wa miaka ishirini na minne kutoka upande wa Kapsabet, aliyejifunzia kuendesha matanga Kisumu, mfupi, mwenye sauti iliyovuka bwawa bila kipaza sauti. Wazee waliokuja kushangaa walimuuliza mwalimu mwenyewe yuko wapi, naye aliwajibu kwamba amekwenda chai.

"Wewe unaangalianga upepo kuliko nyasi," alimwambia Elkanah siku moja.

"Naangalia tu, Mwalimu."

"Kesho kuja na kaptura."

Akaja na kaptura. Mwezi wa Mei wote alijifunza kuogelea kwenye maji ya kifuani, pamoja na watoto wa darasa la tano waliomcheka mpaka wakapaliwa. Alipiga maji kama mtu anayefukuza nyuki. Hata hivyo siku aliyoelea chali kwa mara ya kwanza, masikio ndani ya maji, mawingu ya Lugari yakipita juu yake, alisikia kimya ambacho hakuwahi kukisikia tangu George afe. Alitoka akaketi kwenye majani akacheka peke yake. Mpaka leo akizungumzia raha, siku hiyo ndiyo huisimulia kwanza.

Mwezi wa Juni mkuu wa kituo, Bwana Wanyonyi, mtu wa filimbi shingoni na soksi ndefu, alitangaza kwamba likizo ya Agosti ikiisha kituo kitaajiri mwenyeji mmoja awe msaidizi wa mwalimu. Atakayetaka apite mtihani: aendeshe mashua kuzunguka mapipa matatu yaliyotiwa nanga majini, akiwa na abiria wawili, bila kupinduka. Kwa upande mwingine, kazi ya kufyeka ingekwisha Agosti hiyohiyo. Elkanah hakuhitaji kupigiwa hesabu. Akipita, anabaki juu ya maji. Akianguka, anarudi Malinya, na Malinya kulikuwa na kazi moja tu iliyomjua jina.

Jelagat alimpa mashua kuukuu kuliko zote, ambayo watoto waliipa jina Bata Mzee kwa jinsi ilivyoyumba. Kuendesha tanga kulimwingia haraka. Alijua upepo unakotoka kwa kuusikia shingoni, alijua kugeuza, alijua lini ahamie upande wa pili na lini ainamishe kichwa tanga lisimpige. Shida ilikuwa moja. Mkono mmoja unashika usukani, mwingine kamba ya tanga. Upepo ukija ghafla, kamba inavutwa, na mwenye akili analegeza ili tanga litapike upepo na mashua isimame wima. Elkanah alifanya kinyume. Kamba ikivutwa, yeye alivuta. Ikivutwa zaidi, alivuta kwa nguvu zote, macho yametoka, mpaka Bata Mzee ikalala ubavu na kuwamwaga wote majini. Hata ndani ya maji aliibuka bado ameikamata.

"Legeza!" Jelagat alikuwa akiita kila siku, hadi watoto wakalifanya neno hilo kuwa salamu yao. Wakikutana naye njiani kuelekea jikoni, walimwambia legeza, naye akawaitikia.

"Hii si fahali ya kwenu Malinya," Jelagat alimwambia baada ya kupinduka kwa mara ya sita, akikamua nywele zake. "Ukiiachilia haitadunga mtu."

Watu walicheka, maana Malinya inasifika kwa kupiganisha mafahali, na Elkanah akacheka nao. Ilikuwa afadhali wadhani ni mambo ya mafahali.

Alimwambia ukweli wiki mbili kabla ya mtihani. Walikuwa wamekaa nje ya jikoni wakila obusuma, ugali wa kwao, na mboga za mrenda, mvua inanyesha, hakuna anayeweza kwenda majini. Alisema kwa maneno machache, akiangalia sahani. Alisema juu ya George, juu ya kuvutwa mara moja na mara mbili, juu ya asubuhi ile. Kisha akasema kwamba upepo unapolishika tanga la Bata Mzee, mara nyingi huja kwa mapigo mawili, na mkono wake unafanya kazi kabla yeye hajafikiri.

Jelagat hakusema pole. Alinawa mikono.

"Kamba ya huku haina mtu," akasema.

Elkanah aliondoka bila kumaliza chakula. Maneno yale yalimuuma sana. Kwa siku mbili hakufika kituoni, alilala tu kwenye chumba alichopanga sokoni, akimlaani Jelagat kwa jina na kwa ukoo. Mtoto mdogo tu, hajazika mtu, anamfundisha habari za kamba. Siku ya tatu alirudi, kwa sababu hasira ilikuwa imechoka na Agosti haikuwa imechoka. Jelagat alimkabidhi usukani kana kwamba alikwenda kununua kiberiti.

Mtihani ulifanyika Ijumaa, saa tisa alasiri, saa mbaya kuliko zote kwa upepo. Bwana Wanyonyi alisimama ukingoni na filimbi yake. Abiria walikuwa Jelagat, ambaye alikatazwa kusema neno, na Tracy, mwanafunzi wa sekondari kutoka mjini Kakamega, ambaye alipanda akiomba kwa sauti ya chini, kwa kuwa historia ya Elkanah ya kupinduka ilijulikana.

Pipa la kwanza wakalizunguka vizuri. La pili pia. Wakielekea la tatu, Elkanah aliona maji yakibadilika rangi upande wa Turbo, yakija meusi na yenye mikunjo. Upepo ukalipiga tanga. Kamba ikavutwa mkononi mwake, ikatulia kidogo, ikavutwa tena.

Mara mbili.

Mkono ukaanza kuvuta. Bata Mzee ikainama, Tracy akashika ubao, maji yakaanza kumwagikia ndani. Jelagat alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja ili asiseme. Elkanah alimsikia mdogo wake chini ya shimo kama alivyomsikia kila siku kwa miaka mitatu, na kwa mara ya kwanza alimjibu. Alimwambia kimoyomoyo, George, nilivuta. Nilivuta mpaka wakanitoa. Kisha akafungua vidole mwenyewe, bila wanaume watatu.

Kamba ikapita kwenye kiganja chake ikakimbia. Tanga likapepea kwa fujo, mashua ikanyanyuka ikasimama wima, na kwa muda mfupi hakukuwa na chochote mkononi mwake. Akaiokota kamba, akalikaza tanga taratibu, akazunguka pipa la tatu akilia waziwazi. Bwana Wanyonyi alidhani ni maji ya bwawa. Tracy, aliyekuwa karibu, aliona kila kitu, na kwa heshima aliyolelewa nayo akatazama mahindi ng'ambo ya pili.

Miaka mitatu na ushei aliyofundisha pale ndiyo Elkanah huiita ujana wake, ingawa alikuwa na mvi mbili tatu alipoianza. Alifundisha watoto wa Lumakanda, watoto wa wakulima wa Mumias waliovua kofia zao na kuzikunja vizuri kabla ya kupanda, watoto wa makarani wa mjini walioogopa vyura kuliko kuzama. Jioni za Jumamosi waliosha matanga na kuyaanika juu ya nyasi, redio ya mpishi inatangaza mpira, harufu ya nailoni iliyolowa na moshi wa mahindi ya kuchoma ikiwa imeshika nguo za kila mtu. Kituo kilifungwa mwishoni mwa 1999, wafadhili walipoondoka. Bwawa limeingiliwa na udongo na matete, na mashua moja ilionekana kwenye boma la jirani imejazwa majani ya ng'ombe. Elkanah hapendi kupita njia ile.

Lakini yako mambo ambayo matete hayawezi kuyafunika, na moja ni Desemba ile ya 1996, alipomleta mamake aone kazi yake. Phoebe alikuwa ameambiwa tu kwamba mwanawe ni mwalimu, naye alitangaza hivyo kanisani akifikiria chaki. Alifika na ingokho, kuku wa kienyeji, akiwa hai ndani ya kikapu kwa ajili ya wakubwa wa kazi, akiwa amevaa viatu vya Jumapili. Alipoonyeshwa bwawa alikiweka kikapu chini.

"Huku ndani ndiko unafundishanga?"

"Huku juu yake, mama."

Alivalishwa jaketi la kuelea juu ya gauni lake, akabebwa mpaka ndani ya Bata Mzee kwa sababu viatu havikuruhusiwa kulowa. Alikaa kitako katikati ya mashua, mgongo umenyooka kama yuko mbele ya chifu. Walifika mbali kidogo na ukingo, na Elkanah alikuwa amefurahi hata akaanza kumweleza jinsi tanga linavyofanya kazi, ndipo upepo ukaja. Mashua ikainama. Phoebe akamdaka mwanawe kwa mikono yote miwili, akiukumbatia ule mkono ulioshika kamba, akaukaza kifuani.

"Mama, niachilie mkono. Lazima nilegeze kamba."

"Siachilii."

"Mama, tutapinduka."

"Wewe ulishika ya George mpaka wakakufungua vidole," mama akasema. "Mimi walinifungia nyumbani. Walisema mwanamke asikaribie shimo. Sikushika chochote siku ile. Usiniambie niachilie."

Elkanah hakuwa amejua hilo. Miaka mitatu alidhani ndiye pekee aliyeachwa na mikono mitupu. Akaangalia maji yaliyokuwa yakikaribia ukingo wa mashua, kisha akafanya kitu alichokuwa akiwakataza wanafunzi wake kila siku: akauachia usukani. Bata Mzee ikazungusha pua yake yenyewe kuuelekea upepo, tanga likalegea, mashua ikasimama. Akampitishia mamake mkono wa pili mabegani. Jelagat alipiga kelele kutoka ukingoni, akiuliza kama wako salama. Walikaa hivyo katikati ya bwawa, upepo ukiwasukuma kidogokidogo kurudi nyuma, na hakuna aliyemwambia mwenzake aachilie.