Kitufe cha Tatu

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wifi yangu nimemsema sana, mbele yake na nyuma yake, na leo namsema tena, ila safari hii kwa mazuri. Asizoee.

Ni muuguzi. Alifanya kazi wodini miaka ishirini na sita, na huko ndiko alikopewa jina la Sista Bado. Daktari akipita asubuhi na kuuliza kama wa kitanda cha sita amekula, jibu lake lilikuwa "bado." Ametembea? "Bado." Kuna ndugu wa mgonjwa mmoja waliokuwa wameshagawana mashati ya baba yao. Walimvizia mlangoni wakamnong'oneza, "Sista, ameshatutoka?" Akawajibu kwa sauti ya kusikika wodi nzima, "Bado! Na mashati yake anayataka." Mzee yule alitoka hospitali kwa miguu yake, na shati mwilini.

Alipostaafu hakukaa. Alipanga vyumba viwili juu ya duka la vioo, akaajiri wahudumu kumi na mmoja wa kwenda kutunza wagonjwa majumbani, na mimi akanipa meza ya ukarani. Nilikuwa nimeachika, nakaa kwao, nakula kwao, sina mdomo wa kukataa. Kaka yangu, yaani mumewe, alikuwa dalali wa mnada. Alikuwa mtu wa maneno. Angeweza kukuuzia kiti cha miguu mitatu ukaondoka unamshukuru. Asubuhi moja kiharusi kilimwangusha akiwa ananyoa ndevu. Mguu ulirudi kidogo, mkono ukarudi kidogo. Sauti haikurudi.

Katika kila nyumba ya mgonjwa tuliacha daftari. Mhudumu anaandika dawa, kuoga, chakula, mazoezi, kisha anakwenda zake. Sasa siku moja bibi mmoja alipewa dawa ya presha na mhudumu wa asubuhi, na wa mchana naye akampa, kwa sababu daftari lilikuwa limetumbukia nyuma ya kitanda. Bibi alizimia, akaja kuzindukia hospitali. Wifi alikaa naye siku mbili bila kubadili nguo. Aliporudi ofisini aliyakusanya madaftari yote mezani kwangu.

"Tunatafuta watu watutengenezee programu ya simu," alisema. "Kila mhudumu aone kilichokwisha kufanyika kabla hajashika kijiko."

"Wifi, wewe hata kupunguza mwanga wa simu yako unaniita mimi."

"Ndiyo maana nimesema tunatafuta watu. Ningejua ningewatafuta wa nini?"

Zilikuja timu tatu, kila moja na picha za kurusha ukutani. Aliwasikiliza wote, akawapa maji ya kunywa, akawaambia kesho saa moja asubuhi waje na viatu vya kutembelea. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na yeye alitaka wakilalie kwanza. Timu ya kwanza ilituma ujumbe wa samahani. Mkuu wa timu ya pili alikuja na raba nyeupe pe. Nyumba ya pili mgonjwa alitapika karibu na raba hizo, na hapohapo bwana akapigiwa simu ya dharura ambayo mimi sikuisikia ikilia.

Timu ya tatu walikuwa watu wawili. Mmoja tulimwita Injinia, mwanaume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, kila sentensi yake inaanza na "kimsingi." Mwenzake alikuwa dada mcheshi wa kuchora sura za kwenye skrini, tukamwita Mchoraji. Walizunguka nyumba sita. Kwenye ya tano mzee wetu mmoja alimtaka Injinia amshikie beseni. Alilishika, uso kaugeuzia dirishani, lakini alilishika mpaka mwisho.

"Hawa," wifi alisema jioni.

"Hujaangalia hata kazi zao!"

"Nimeziangalia. Yule kashika beseni."

Kazi ilichukua miezi mitatu. Walikuja kila Jumatano kutuonyesha walipofikia, na wifi aliwauliza maswali ya kijinga bila haya yoyote mpaka akaelewa. Mimi nilikuwa naona aibu kwa niaba yake, nikaja kugundua kwamba Injinia alikuwa anayaandika. Mwishoni wakaleta programu yenyewe na maelezo ya kurasa arobaini. Wifi alinikabidhi maelezo niyasome, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba, hivyo ndivyo alivyosema. Kurasa za mwanzo nilizisoma kwa makini. Za mwisho nilizipitishia macho tu. Nikamwambia kila kitu kiko sawa.

Programu ilikuwa nyepesi. Unamfungua mgonjwa wako, unakuta maswali: Amekunywa dawa? Ameoga? Ametembea? Chini ya kila swali kuna vitufe viwili, cha kijani Ndiyo, chekundu Hapana. Tukakubaliana ijaribiwe nyumbani kwetu kwanza. Mhudumu wa kaka, jamaa mmoja mpole mwenye mikono ya kubeba magunia, atafanya kazi kwa kufuata orodha ya kwenye simu yake, na mimi mchana nitajibu maswali. Swali la mwisho lilikuwa: Mgonjwa ameongea?

Kwa miaka miwili swali hilo lilikuwa kwenye daftari, na jibu lake lilikuwa moja, kwa mwandiko wa wifi, ukurasa baada ya ukurasa. Bado. Bado. Bado. Kila siku kabla ya jibu hilo kulikuwa na mazoezi ya kusema. Unamshikia kaka kioo kidogo cha mkononi aone midomo yake, unamwambia afuatishe, ba, be, bi, bo, bu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kaka alikuwa anapuliza hewa tu na macho yanamtoka. Mimi nilikuwa siwezi kutazama. Nilikuwa nakwenda jikoni nafungua bomba.

Sasa kwenye simu hakukuwa na bado. Kulikuwa na ndiyo na hapana, na kaka hakuwa ameongea. Nikabonyeza hapana. Kesho yake tena, na keshokutwa.

Wiki ya nne wifi alirudi mapema kutoka mizunguko. Alimkuta mhudumu anamlaza kaka baada ya kumtembeza.

"Mbona unamlaza? Kioo kiko wapi?"

"Kazi hiyo haimo kwenye orodha, Sista," mhudumu alisema, akamwonyesha simu. "Imetoka, leo siku ya tisa. Nilidhani umeiondoa wewe."

Wifi alifungua droo ya kabati. Kioo kilikuwa chini ya mashuka, kimefunikwa uso chini.

Tulimpigia Injinia. Akasema kimsingi hilo limeelezwa ukurasa wa thelathini na saba: jambo likijibiwa hapana siku kumi na nne mfululizo, programu inaliondoa kwenye orodha, swali pamoja na zoezi lake, ili mhudumu asipoteze muda. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku tisa kaka yangu hakufundishwa kusema, wala mimi sikuuliza swali limekwenda wapi, na aliyemfutia ni mimi, dada yake wa tumbo moja.

Nilingoja matusi, kwa kuwa mimi ningetukana. Wifi alikifuta kioo kwa kanga yake, akavuta kiti, akamshikia mumewe. "Ba," akasema. Alimaliza mazoezi yote ndipo akaniambia, "Ukurasa wa thelathini na saba, wifi. Msomi wetu." Basi. Hajanitajia tena mpaka leo, na hilo ndilo linalonikera, maana najua kwamba mimi nisingeweza.

Injinia na Mchoraji walikuja kesho yake. Wifi aliwakaribisha sebuleni, kaka yuko kwenye kiti chake karibu na dirisha, akawaambia anataka kitufe cha tatu.

"Kimsingi, mama, swali lina majibu mawili," Injinia alisema, kwa heshima zote. "Jambo limefanyika au halijafanyika. Tukiweka la tatu itabidi tufumue nusu ya kazi."

"Nimekuelewa, baba. Hebu nikuulize. Umeoa?"

"Bado."

"Una watoto?"

"Bado, mama."

"Umeshajenga?"

"Ba..." Injinia alilikata neno katikati. Mchoraji alikuwa amejifunika uso kwa daftari, mabega yanamtikisika.

"Mbona husemi hapana?" wifi aliuliza. "Si ndiyo majibu yako mawili?"

"Hapana inakuwa..." Alivua miwani akaifuta. "Inakuwa kama nimekataa. Kama mambo yameishia hapo."

"Ehee. Sasa nikikuandika hapana siku kumi na nne, nikufute kwenye orodha ya waoaji?"

Mchoraji akashindwa kujizuia. Hata kaka alicheka, kicheko chake kile cha upande mmoja kisicho na sauti. Wifi peke yake hakucheka.

"Mume wangu hajasema," alisema. "Sijasema hatasema. Programu yenu ndiyo iliyosema."

Injinia alimtazama kaka, akatazama kioo mapajani mwake. Kisha akauliza, "Na bado ikae siku ngapi kabla ya kuondolewa?"

"Haiondolewi. Na mtu akibonyeza hapana, simu yangu iite. Anieleze kwa mdomo wake kwa nini amekata tamaa."

Walifumua nusu ya kazi. Ilichukua wiki tano, na Injinia hakulalamika, ila aliacha kusema kimsingi mbele ya wifi. Kitufe kipya Mchoraji alikipa rangi ya chungwa na kukiweka katikati. Sasa bibi wa presha akiwa amelala asubuhi, mhudumu anabonyeza bado, wa mchana anaona, anampa dawa yake mara moja tu. Wagonjwa wetu wameongezeka, na wahudumu wa ofisi nyingine wanakuja kuuliza tulifanyaje. Wifi anawaambia tulipata watu wazuri. Hawaambii kuhusu ukurasa wa thelathini na saba.

Ukweli wote niuseme. Hata kitufe hicho kingekuwapo tangu mwanzo, bado mimi ningebonyeza hapana. Nilikuwa nimeshamzika kaka yangu akiwa anakula meza moja na mimi. Yeye, mke, mtoto wa watu, ambaye siku ya harusi nilisema hatamaliza mwaka, ndiye aliyemngoja. Nampenda mwanamke huyu. Nimelisema, na sirudii.

Juzi mchana nilikuwa namlisha kaka supu. Nilikuwa na haraka. Simu inaita kutoka ofisini, na wifi yuko mlangoni anavua viatu. Nikaondoa bakuli nikamuuliza, kama ninavyouliza kila siku bila kungoja jibu, "Kaka, umeshiba?"

Akafumba midomo, akaifumbua.

"Ba," alisema. Akavuta pumzi, shingo imemkaza. "Ba-do."

Nilisimama na bakuli mkononi. Kiatu kimoja cha wifi kilianguka. Alikuja taratibu, akapiga magoti mbele ya kiti, akamfuta mumewe kidevu kwa kiganja. Halafu akachukua simu yangu mezani, akamfungua mgonjwa wetu, akashuka mpaka swali la mwisho. Nikamwona anabonyeza kitufe cha katikati.

"Wifi, umekosea," nilimwambia, na machozi yananitoka. "Ameongea! Bonyeza ndiyo."

"Sijakosea. Kasema neno moja, na huyu alikuwa dalali." Akajipangusa macho. "Rudisha bakuli, wifi. Kakwambia hajashiba."