Rudi Nyumbani, Bingwa

Filamu yenyewe ilikuwa upuuzi mtupu, na Kasuku hakumficha mtu maoni yake. Kijana asiye na kazi, anayeshinda kucheza gemu na kusoma vitabu vya katuni, anampenda msichana wa ghorofa ya juu. Kumfikia lazima apigane na mazimwi kila ngazi, huku pointi zikimwagika hewani. Akifa anafufuka, maana ana roho za akiba. Msichana muda wote huo hana kazi ila kusimama dirishani, na mwishowe anamwangukia kijana kifuani. Watu wazima, wenye akili zao na familia zao, walikaa wakaandika hayo, wakaona wamefanya jambo.

Kasuku alipewa jina hilo utotoni kwa kuiga sauti za watu, akianza na shangazi yake aliyemlea. Ukubwani sauti ikamlisha. Ukipiga simu kulalamika umeme umekatika, yule mwanamke mpole anayekuambia usubiri ndiye yeye. Na filamu za nje zikija kutiwa maneno yetu, huingia kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro, joto kama tanuri, akamsemea yeyote anayepewa. Safari hii alipewa msichana wa dirishani.

Shujaa alipewa Bingwa. Jina hilo alijipa mwenyewe, kwani hakuna mwingine ambaye angempa. Alikuwa mume wa Kasuku kila mambo yalipomharibikia kwingine. Aliondoka kwa kishindo, akarudi kwa machozi, akaondoka tena na feni ya watu. Kasuku akaapa kwamba mlango haufunguliwi tena, lakini shangazi hakuchoka kumsumbua.

"Mpokee, mwanangu. Safari hii amebadilika."

"Amebadilisha shati, shangazi."

Siku ya kurekodi, Bingwa alifika na begi la nguo, akaliweka kando ya mlango wa studio. Kasuku alipoliona akaelewa kila kitu. Yule bwana aliomba ile kazi ili amsikie akitamka maneno ya mwisho ya filamu, kisha ayafanye ruhusa ya kurudi nyumbani kwake.

Kwa kawaida kila mtu hurekodi peke yake, lakini kipaza sauti kimoja kilikuwa kimekufa, na fundi mitambo akawasimamisha bega kwa bega mbele ya kile kilichobaki. Bingwa aliunguruma, akarusha mate, akashinda mazimwi yote. Ikafika zamu ya msichana.

"Nimekusubiri. Rudi nyumbani."

"Dada, unasema kama unamfukuza mwizi," fundi akalalamika. "Lainisha kidogo."

Akarudia. Fundi akatikisa kichwa. Akarudia tena, na safari hii akanusa ile sabuni ya Bingwa, akamkumbuka akiimba huku anaosha vyombo siku zile za mwanzo, na sauti ikamtetemeka bila kuambiwa.

"Hapo hapo!" fundi akapiga makofi. "Umeua, dada!"

Kasuku akavua vifaa vya masikioni, akijidharau kuliko alivyoidharau filamu.

Bingwa alimwahi koridoni, begi begani, uso umemchanua. "Ile ya mwisho haikuwa kazi, mama. Ilitoka moyoni."

"Ilitoka moyoni," Kasuku akakubali. Hakuona sababu ya kumdanganya. Bado alimpenda, na jambo hilo lilimtia kinyaa. Moyo wake ulikuwa mjinga tangu zamani, lakini funguo za nyumba hazikukaa moyoni, zilikaa mkobani, na mkoba alikuwa ameukumbatia.

"Basi niambie tena. Sasa hivi, mimi na wewe tu."

Kasuku akasafisha koo, akanyoosha mgongo. Sauti iliyotoka ilikuwa laini, safi, haina hata chembe ya mtetemo.

"Ndugu mteja, ombi lako ni muhimu sana kwetu. Tafadhali endelea kusubiri."

Akashuka ngazi, akaenda zake nyumbani, akafunga mlango kwa komeo.

Fundi alipokuja kufunga studio alimkuta Bingwa pale pale koridoni, ameketi juu ya begi lake, anatabasamu. Akamuuliza anangoja nini.

"Mke wangu," Bingwa akajibu. "Ameniambia nisubiri."